Jina Lililoandikwa kwenye Glavu

Aghalabu tunapofundisha elimu ya uraia tunaanza na katiba, kisha bunge, kisha mahakama. Sina ugomvi na mtindo huo, kwani katiba ndiyo sheria mama. Hata hivyo, miaka niliyokaa darasani nikifundisha Kiswahili hapa Uganda imenionyesha kwamba mwanafunzi huielewa haki upesi zaidi anapoiona katika kitu anachoweza kukishika: tiketi ya basi, risiti ya ada, kadi ya kupigia kura. Leo, mpenzi msomaji, ningependa tujifunze uraia kwa kutazama vitu ambavyo huenda hujawahi kuvifikiria: vifaa vya michezo vya zamani vilivyouzwa na maduka makubwa ya Marekani, yale ambayo mteja aliweza kununua kitanda, cherehani, viatu na mpira chini ya paa moja.

Vifaa hivyo vina wapenzi wake. Wako watu wanaokusanya raketi za mbao, baiskeli nzito za chuma, mipira ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono, na glavu za kudakia mpira wa besiboli. Mimi si mkusanyaji. Nilichonacho ni glavu moja tu, niliyoikuta katika soko la Owino jijini Kampala chini ya rundo la mikanda na mikoba ya mitumba. Muuzaji hakujua ilikuwa kitu gani, akadhani ni sehemu ya mkoba iliyokatika. Mimi nami sikujua thamani yake. Tukapatana bei kama watu wawili wanaokisia uzito wa gunia lililofungwa, nikaondoka nayo. Kwenye kiganja chake yamechapwa maneno mawili yaliyofifia, "Ted Williams", na karibu nayo jina la duka, "Sears". Muhuri mdogo unaonyesha kwamba ilitengenezwa Japani.

Nilipoipeleka darasani, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, huyu Ted Williams ndiye aliyeishona?" Mwingine akauliza kama ndiye aliyekuwa mwenyewe. Yalikuwa maswali mazuri, maana kitu kikiwa na jina juu yake tunadhani jina hilo limetueleza yote.

Tuanze basi na majina. Kabla ya Ted Williams, vifaa vya michezo vya Sears vilibeba jina la J.C. Higgins. Jina hilo lilianza kuwekwa kwenye mipira na glavu za besiboli mwaka 1908, na kwa muda wa zaidi ya nusu karne likaenea kwenye mipira ya kikapu, vifaa vya tenisi, vifaa vya ndondi, vya uvuvi na hata baiskeli. Mtu angeweza kudhani kwamba Higgins alikuwa mchezaji hodari wa zamani. La hasha! John Higgins alikuwa mtu wa ofisini. Aliingia Sears mwaka 1898 kusimamia makarani wa vitabu vya hesabu, akapanda cheo hadi kuwa katibu wa kampuni, akastaafu mwaka 1930. Hata hiyo herufi "C" haikuwa yake. Kampuni iliiongeza ili jina lipendeze. Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapa mtunza daftari mwenyewe ndiye aliyegeuzwa kuwa shujaa wa viwanjani.

Waliotengeneza vifaa vile walikuwa wengine kabisa. Sears iliagiza bidhaa kutoka viwanda vya watu wengine, kisha ikaweka jina lake. Basi kila glavu ilikuwa na jina linaloonekana na majina yasiyoonekana. Jambo hili halikuishia Marekani. Huko New York palikuwa na duka la Abercrombie & Fitch, lililoanzishwa mwaka 1892, ambalo wakati ule halikuwa duka la nguo za vijana kama linavyojulikana leo. Liliuza hema, bunduki, fimbo za kuvulia na vyombo vya kambini kwa matajiri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, alijiandaa kwa bidhaa zake kabla ya kuja Afrika Mashariki mwaka 1909. Alishuka Mombasa, akapita Nairobi, akafika hapa Uganda, kisha akafuata mto Nile kuelekea Khartoum. Vitu vile vya dukani vilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi zaidi ya mia mbili. Neno letu "safari" lilipata umaarufu mkubwa katika lugha ya Kiingereza kutokana na misafara ya namna hiyo. Majina ya wenye mabega yale hayakuchapwa kwenye bidhaa yoyote.

Nimeitaja Abercrombie & Fitch ili tuone tofauti. Duka lile lilimlenga tajiri wa mjini. Aliyemlenga mkulima wa mbali alikuwa Aaron Montgomery Ward, ambaye mwaka 1872 alitoa karatasi moja tu huko Chicago, yenye orodha ya bidhaa na bei zake, akazituma kwa posta. Richard Sears, aliyewahi kuwa karani wa stesheni ya reli, alimfuata baadaye, akianza na saa za mfukoni. Karatasi zile zikawa vitabu vinene vyenye mamia ya kurasa, vilivyoitwa katalogi, na ndani yake mkulima wa Minnesota au Alabama aliweza kuona glavu, mpira na raketi, akasoma bei, akaandika barua, akatuma fedha, akasubiri kifurushi chake. Wakati ule Sears haikuwa hata na duka la kuingia. La kwanza lilifunguliwa Chicago mwaka 1925.

Wanafunzi wa lugha watapenda jambo moja zaidi. Katalogi ya Sears iliwaambia wateja waandike barua zao kwa lugha yoyote waijuayo. Nchi ile ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka Ujerumani, Uswidi, Polandi na kwingineko, ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kukwamakwama. Kampuni ilijua kwamba mtu anayeona haya kusema hanunui.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu haya hiyo naijua. Nilipokuwa kijana nilikwenda nchi jirani kujifunza Kiswahili sanifu. Nilikuwa na maneno ya kutosha, lakini lafudhi yangu ilinitangulia kila nilikokwenda. Nilikuwa nasimama mbele ya meza ya viatu, namsikia mwenyeji akitajiwa bei, kisha mimi nafungua kinywa, nasema "Shikamoo, mzee", na bei ya kiatu kile kile inapanda. Sikumchukia muuzaji yule. Alikuwa akitafuta riziki, na kupatana bei ni ustaarabu wa masoko yetu. Kuna utani ndani yake na kuna kujuana. Hata hivyo nililala usiku mwingi nikijiuliza kwa nini kinywa changu kiwe na kodi yake. Kuanzia hapo nikaanza kuiheshimu bei iliyoandikwa. Bei iliyoandikwa haisikilizi lafudhi.

Sasa fikiri bei ile ilimaanisha nini kwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini, katika miaka ambayo sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala maisha yao yote. Mara nyingi mkulima Mweusi alilazimika kununua katika duka moja la kijijini, ambalo mwenyewe ndiye aliyemkopesha na wakati mwingine ndiye mwenye shamba. Alisubiri hadi Wazungu wote wahudumiwe. Alipewa alichopewa, kwa bei aliyotajiwa, na deni likaandikwa katika daftari ambalo hakuruhusiwa kulikagua. Mwaka 2018 mwanahistoria Louis Hyman aliwakumbusha Wamarekani kwamba katalogi ya Sears ilipenya katika mfumo huo kama maji katika ufa. Mkulima yule aliweza kumpa tarishi wa posta barua na fedha, akapata kitu kile kile, cha ubora ule ule, kwa bei ile ile iliyolipwa na Mzungu. Wenye maduka ya vijijini waliona hatari. Wako waliochoma katalogi hadharani, na wako walioeneza uvumi kwamba wenye kampuni ni watu Weusi, wakitumaini kwamba wateja Wazungu wataikimbia.

Ungeweza kuhitimisha hapa kwamba biashara huleta usawa yenyewe, na kwamba tukiandika bei ukutani kila kitu kitanyooka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti haki nayo ingejiuza yenyewe! Kampuni ile haikuwa inauza usawa, ilikuwa inauza bidhaa, na faida ndiyo iliyokuwa dira yake. Glavu yenyewe ndiyo inayotufundisha mipaka ya jambo hili.

Mtoto Mweusi wa Georgia aliweza kununua glavu ya J.C. Higgins kwa bei ya kila mtu. Hakuweza kuivaa katika ligi kuu ya besiboli. Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa waliwafungia mlango wachezaji Weusi, na ajabu ni kwamba hakukuwa na kanuni iliyochapwa ya ligi kuu inayosema hivyo. Yalikuwa makubaliano ya chini kwa chini, ya kukonyezana. Bei ya glavu iliandikwa, ila ubaguzi wa uwanjani haukuandikwa popote, na kwa kuwa haukuandikwa hakuna aliyeweza kuusoma, kuupinga kwa kifungu chake, wala kumtaja aliyeutunga. Wachezaji Weusi waliunda ligi zao wenyewe. Huko walicheza mabingwa kama Satchel Paige, mrushaji mpira aliyeogopwa, na Josh Gibson, mpigaji ambaye wengi walimwona kuwa hana mfano. Jackie Robinson alipoingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, Gibson alikuwa amefariki dunia miezi mitatu tu kabla yake, akiwa na umri wa miaka 35. Hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi ile.

Na katika maduka makubwa ya mijini hali ilikuwa hivyo hivyo. Katalogi haikuona rangi ya mteja kwa sababu haikumwona mteja. Dukani alionekana. Katika maduka mengi ya Kusini Mmarekani Mweusi alikaribishwa kuacha fedha zake, lakini hakuruhusiwa kujaribu kofia kichwani wala kuketi mezani kula. Tarehe 19 Oktoba 1960 Martin Luther King alikamatwa pamoja na wanafunzi katika duka la Rich's mjini Atlanta, kwa kosa la kutaka kuhudumiwa chakula mahali ambapo watu wa rangi yake walikuwa wakinunua shuka na viatu kila siku. Mwaka uliofuata meza zile zilifunguliwa kwa wote, na mwaka 1964 Sheria ya Haki za Kiraia ikapiga marufuku ubaguzi huo katika mikahawa na hoteli za nchi nzima. Bei moja kwa wote ililetwa na faida. Meza moja kwa wote ilibidi iletwe na watu waliokubali kulala rumande.

Sasa turudi kwa yule ambaye jina lake limechapwa kwenye ngozi ya glavu yangu. Ted Williams alikuwa mmoja wa wapigaji bora katika historia ya besiboli. Alistaafu mwaka 1960, Sears ikamwajiri kuwa mshauri wa vifaa vyake vya michezo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 jina lake likaanza kuchukua nafasi ya lile la Higgins. Alikuwa Mmarekani ambaye mama yake alikuwa na asili ya Meksiko, jambo ambalo hakulizungumza sana. Mwezi Julai 1966 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli huko Cooperstown. Siku kama hiyo mtu hushukuru makocha wake, wazazi wake, akaketi. Williams alishukuru, kisha akaongeza maneno machache ambayo hakuna aliyeyatarajia: akataja majina ya Satchel Paige na Josh Gibson, akasema anatumaini kwamba siku moja watu kama hao nao wataingizwa humo, kwani walikosekana kwa sababu tu hawakupewa nafasi.

Hakuwa mwanasiasa wala hakuwa ameombwa kusema. Angalia alichokifanya: alichukua makubaliano ya kukonyezana akayaweka wazi mbele ya watu wote, tena akiwa na heshima mkononi ambayo hakuna angeweza kumnyang'anya. Paige aliingizwa mwaka 1971, Gibson mwaka 1972. Mwaka 2020 uongozi wa besiboli ulitambua ligi zile za Weusi kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu za wachezaji wake zikaunganishwa na za wengine. Wanafunzi wangu walipoyasikia haya walinyamaza. Kisha yule aliyeuliza kama Ted Williams alishona glavu akasema, "Kumbe hakuishona, ila aliistahili."

Fedha za duka lile nazo zina kisa chake. Julius Rosenwald, mmoja wa wenye Sears, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu aliyezaliwa utumwani, kujenga shule za watoto Weusi katika majimbo ya Kusini. Hadi mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa karibu shule 5,000. Rosenwald hakutoa fedha zote, na hilo ndilo ninalolipenda: kila jamii ilitakiwa kuchangia, na watu waliokuwa hawana kitu walitoa ardhi, mbao, nguvu zao na senti zao. John Lewis, aliyekuja kuwa kiongozi wa wanafunzi katika harakati za haki za kiraia na baadaye mbunge kwa miaka mingi, alisoma katika shule mojawapo kati ya hizo huko Alabama.

Maduka yale leo yako wapi? Sears iliacha kuchapa katalogi yake kubwa mwaka 1993 na ikaomba hifadhi ya kufilisika Oktoba 2018. Montgomery Ward ilifunga maduka yake mwaka 2001. Duka la wawindaji la Abercrombie & Fitch lilifilisika katika miaka ya 1970, na jina lake likauzwa kwa wengine. Rich's nalo halipo. Vilivyobaki ni glavu, raketi na fimbo za kuvulia, zinazozunguka duniani katika marobota ya mitumba, na majina yanayofifia juu yake. Sheria zilizopiganiwa mezani bado zipo, ingawa nazo zinahitaji watu wa kuzilinda.

Basi nataka uondoke na nini, mpenzi msomaji? Mosi, kwamba haki hupata miguu inapoandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Ndiyo maana Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 4, inaitaka serikali iitafsiri katika lugha za Uganda ili wananchi waifahamu. Ndiyo maana pia nakuhimiza usome kila tangazo la ada lililobandikwa ofisini kabla ya kulipa, na kama halikubandikwa uliulizie kwa adabu. Anayekuomba fedha kwa kunong'ona anajua kwa nini ananong'ona.

Pili, kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Pennsylvania, na waliifunga timu ya Oregon mabao 3 kwa 2. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu lakini haikusafiri, kwa kuwa ilinyimwa viza kutokana na dosari katika hati za umri. Kipaji kilikuwepo mwaka ule kama kilivyokuwepo mwaka uliofuata. Kilichokosekana ni karatasi iliyonyooka. Mzazi anayemwandikisha mtoto wake kwa tarehe sahihi siku chache baada ya kuzaliwa anafanya tendo la uraia, na ofisi inayompa hati hiyo bila kumzungusha inatimiza wajibu wake.

Tatu, na hili nawaambia hasa ninyi mnaojifunza Kiswahili: msione haya lafudhi zenu. Lugha hii sasa ni ya jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, na siku mtakapovuka mpaka mtaihitaji sokoni, kituo cha polisi, hospitalini na mahakamani. Mkitajiwa bei isiyo ya haki, ulizeni kwa sauti, "Je, bei hii ni ya kila mtu?" Sentensi hiyo ina maneno saba, na haina kosa hata moja la sarufi.

Maswali ya mjadala

1. Taja jambo moja katika kijiji au mtaa wako linaloendeshwa kwa makubaliano yasiyoandikwa. Nani anafaidika nalo, na nani anaumia?

2. Je, kupatana bei kunaweza kuwa haki kwa mnunuzi na kwa muuzaji? Toa hoja za pande zote mbili.

3. Eleza tofauti ya maana kati ya maneno haya, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno: mteja, mwenyeji, raia.